Salamu za Santino

Lodwar, 9 Februari 2024

Mama Nyaboth,

Ejok, hujambo. Binti yangu wa ubatizo ameacha kukohoa? Mimi ni mguu tu unanisumbua. Kaka yako Santino alifika salama, amelala siku mbili. Amenieleza yule jenerali wa nchi yenu alivyochoma kijiji chenu, na anavyosaka wote waliotoroka jeshi lake, kama yeye. Na serikali yetu inamkaribisha Nairobi bila aibu. Sisi wa chama cha upinzani tuliandamana juzi mpaka sauti ikanikauka. Hapa kwangu hakuna wa kumgusa Santino.

Mama wa ubatizo, Keziah

Kakuma, 20 Aprili 2024

Mama Keziah,

Salamu nyingi kutoka kambini. Kikohozi kimeisha. Mguu je? Redio imesema chama chenu kimeingia serikalini. Hongera, lakini nimeogopa. Jenerali anakuja Lodwar na wakubwa wenu. Siku hiyo Santino akae ndani, nakuomba.

Mama Nyaboth

Lodwar, 13 Mei 2024

Mama Nyaboth,

Mguu nafuu. Dada, vita vya kwenu hatukuwa tumevielewa. Viongozi wametueleza: huyu mzee jenerali ndiye anatafuta amani, wachokozi ni wale wengine. Jumamosi alikuja uwanjani. Unajua mikutano yetu, kila mgeni anapewa maiki asalimie wananchi. Nikampandisha Santino jukwaani. Alitaka kushuka, nikamshika mkono. Akataja jina lake na kijiji, watu wakapiga makofi. Jenerali mwenyewe akamkumbatia, akamwita wakale pamoja. Hajarudi, lakini yuko na wageni, usijali.

Mama wa ubatizo, Keziah

Kakuma, 2 Julai 2024

Mama Keziah,

Nimeandika mara tatu, hujajibu. Leo siulizi habari ya mguu. Mtu wa kwetu alimwona Santino ng'ambo ya mpaka, kando ya barabara, mikono imefungwa. Wapita njia ndio walimzika. Nitumie shati lake la bluu.

Mama Nyaboth

Lodwar, 11 Februari 2025

Mama Nyaboth,

Pole sana. Nilishindwa kuandika. Shati ndilo hili, nimelifua na kulipiga pasi. Chama kimetoka serikalini, na sasa kila mtu hapa anajua jenerali ni muuaji. Ijumaa tunaandamana. Tuma picha ya Santino tuichape kwenye fulana. Uje pia, nitahakikisha unapewa maiki.

Mama wa ubatizo, Keziah

Kakuma, 19 Februari 2025

Keziah,

Shati limefika. Nililitaka na jasho lake, wewe ukalifua.

Picha ninayo moja, sitoi. Nyaboth ameuliza kama wewe bado ni mama yake wa ubatizo. Nimemwambia ndiyo, hilo haliondoki. Barua zako ndizo sitaki tena.

Nyaluak