Sabuni ya Mche kwenye Tangi la Pikipiki

Mama Tabea,

Chupa iliyo chini ya mgomba ni petroli, si mafuta ya taa. Usiilete karibu na jiko.

Sabuni yako ya mche usiitafute. Nusu yake imo kwenye ufa wa tangi la pikipiki.

Najua ulisema tangi likivuja tena, pikipiki inauzwa. Asubuhi likavuja. Nikapaka lami, nikapaka nta, vyote vikayeyuka, na mimi ndiye niliyetengeneza malori ya jeshi kule Burma! Mara mama yako akapita na mkungu wake wa ndizi. Unajua mimi naye, kwa heshima ya ukwe, hatusemezani uso kwa uso. Akanipa mgongo, akamwambia kuku: “We kuku, mwambie huyo fundi asugue sabuni kavu. Petroli haili sabuni.”

Nikacheka. Kisha nikasugua. Tangu saa mbili mpaka saa nne, hata tone! Sabuni inayoyeyuka kwa maji, petroli inaishindwaje? Na mama alijuaje, mtu ambaye hata baiskeli hajapanda?

Naenda Ngarenaro kwa miguu kumwambia Harbans, aliyetaka kuinunua, kwamba haiuzwi. Tukipishana akafika hapo, ~~mpe pikipiki~~ mpe chai. Tangi msilimwagie maji.

Wewe ni mwanawe, muulize alijuaje. Mimi nimemuuliza yule kuku mara tatu, ananitazama tu.

Baba Tabea