Mama Mkubwa Hakuchukuliwa na Maji Usingizini

Sur

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na Bibi umfikishie shikamoo yake kabla hujakaa kusoma. Kifua chake kimeachia? Na mguu wako, bado unavimba? Hapo Tabora mvua zimekuwaje? Mimi mzima, nakula, nasoma, nalala kwa jirani yetu Bi Nasra, chumba kimoja na binti zake.

Uliposikia kuwa naandika kitabu cha watoto kuhusu kile kimbunga, ulifurahi. Mama, kitabu kimekwama, na wewe peke yako ndiye wa kukikwamua. Mjomba Khalfan alikwambia maji yalimkuta dada yako amelala. Alitaka kukupunguzia uchungu. Hakuwa amelala.

Unajua Mama Mkubwa Zuwena, niliyekuwa nikiishi kwake, alikuwa bado anakaa kizuka, eda ya mumewe haijafika hata nusu. Siku ile mvua ilipiga upande upande tangu asubuhi. Adhuhuri wadi ya nyuma ya nyumba, lile korongo kavu ambalo nilikuwa sijapata kuliona na maji, ikaanza kunguruma. Bi Nasra akaja na mumewe na wanaume wengine wa mtaani, na pikapu. Wanaume walisimama nje, wamegeuza nyuso. Maji yalikuwa yamekwisha kuingia ukumbini.

"Zuwena, toka twende!" Bi Nasra alipiga kelele.

"Nitoke vipi, na mie kizuka? Nipakiwe na wanaume kama mbuzi wa soko la Sinaw?"

"Jigubike blanketi! Nani atakutazama leo? Maji hayangoji eda iishe!"

"Mpigieni Khalfan. Ndugu yangu akija, nitatoka naye. Mchukueni mtoto."

Mjomba alikuwa Nizwa. Nilimpata kwenye simu, akasema anakuja, kisha ikakatika. Hatukujua kuwa barabara nayo imekatika. Mama Mkubwa alinifunga ushungi vizuri chini ya kidevu, akaniambia, "Nenda, mwalimu." Ndivyo alivyokuwa akiniita tangu aliponifundisha kuandika Kiswahili hiki unachokisoma.

Walitushusha kwenye shule iliyo juu, na mumewe Bi Nasra akarudi kumbembeleza Mama Mkubwa. Hakuweza hata kuifikia njia yetu. Maji yalipopungua walimkuta nyuma ya mlango, amevaa buibui na viatu. Nadhani alikuwa amekwisha kukata shauri la kutoka.

Abla, mwalimu wetu wa Kiarabu, aliposoma sura niliyoandika hayo alisema, "Raya, watoto wadogo hawataki maiti. Mtoe." Nikamtoa. Nikampandisha juu ya paa, helikopta ikaja kumchukua. Kila nikiisoma naona haya, kama niliyemzulia marehemu. Nikaandika upya ilivyokuwa, kwa jina jingine, nikamwomba Abla niwasomee wasichana wa darasa la nne.

Nilisoma hadi mwisho. Kisha mmoja akauliza, "Kwani kutoka kulikuwa haramu?"

"Hapana," Abla akamjibu. "Penye kuhofia roho, kizuka hutoka, wala hana dhambi."

"Bibi yangu anakaa kizuka. Hata mlango wa uani hafungui. Leo nitamwambia."

"Atakuchapa!" wenziwe wakacheka.

"Na anichape."

Sasa Abla amekubali kibaki hivyo, na anataka kukipeleka Maskati kikachapwe. Nimemwomba angoje neno lako. Marehemu ni dada yako, na watu wa hapa watamjua hata nikimbadilisha jina. Wapo watakaosema alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga, Mama. Alikuwa na haya zake, na sote tulijua kumwambia "toka" tu. Hakuna aliyemwambia kuwa ameruhusiwa.

Ukikataa, nitairudisha helikopta, wala sitanuna. Ukikubali, usiniandikie mimi kwanza. Mpigie Mjomba Khalfan. Tangu mazishi hajanitajia jina la dada yake hata mara moja, na kila nikimtaja marehemu, Mjomba hutoka nje. Mwambie unajua Mama Mkubwa alikuwa akimngoja, na kwamba humlaumu. Kwako atalisikia.

Nisalimie Shangazi mshonaji, na mdogo wangu Issa, umwambie nitamsomea mwenyewe Mungu akitukutanisha. Bibi mbusu mikono yote miwili.

Mwanao anayengoja neno lako,
Raya