Debe la Maji Mlimani

Mama Eliezeri,

Nimekwenda shamba. Uji wangu uache karibu na moto, na chumvi ya kukandia miguu imekwisha.

Leo alfajiri nikikimbia mazoezi yangu mlimani nilimkuta mke wa Eliezeri mbele yangu, debe la maji kichwani. Mila hairuhusu mkwe aonane na baba mkwe, na pale pa kujificha hapana, basi akatimua mbio hadi kileleni. Sikumkaribia hata kidogo. Maji hayakumwagika.

Mwambie awe anachota jioni.

Hapana, nimefuta hilo. Achote alfajiri ile ile mpaka siku ya mbio ndefu za Mbeya, nipate wa kumfukuzia. Asiponiacha nyuma yeye, Mbeya hakuna atakayeniacha.

Usicheke.

Mumeo