Amplifaya Aliyonitengenezea Baba

Tongelre, Eindhoven
27 Novemba 2016

Mpendwa Baba Mdogo Sjef,

Pokea salamu kutoka huku nyumbani, ambako mvua imenyesha siku tisa mfululizo na majani yameoza barabarani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti ulilofanyiwa upasuaji sasa limekubali kukunjika. Mama Mdogo Corrie anaendeleaje na kifua chake? Theluji imeshaanguka huko Ontario, au ng'ombe bado wanatoka nje? Huku kwetu hatujambo. Mgongo wangu unanisumbua kama kawaida yake, ila kazini naenda kila siku kupima watu miwani.

Najua simu huipendi kwa sababu ya masikio, na safari hii nashukuru. Haya ninayotaka kukueleza nisingeweza kuyasema kwa mdomo. Yanamhusu kaka yako. Nitaanzia mbali kidogo, maana nikianzia mwisho utadhani nimemkosea Baba. Na huenda kweli nimemkosea.

Mwezi Septemba tulikuwa tunapiga harusini, Tilburg. Bendi ni ileile ya miaka yote: Ruud gitaa na kuimba, Joske ngoma, mimi besi. Wimbo wa tatu haujafika katikati, amplifaya yangu ikaanza kutoa moshi. Ni ile ambayo Baba alinitengenezea mwaka 1983, nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na moja. Nilipompelekea aliifungua, akainusa, akafunga kifuniko. Akasema, "Huyu amekufa. Mzike." Ikabidi nitafute nyingine kabla ya tarehe kumi na moja Novemba, siku ya kufungua msimu wa karnivali, kwa sababu tulikuwa tumeshakubali kupiga kwenye ukumbi karibu na soko.

Ruud alinishauri nichukue moja ya hizi za siku hizi, nyepesi, zisizo na valvu, zile taa za kioo za redio za zamani. Alisema, "Dada, ile unaibeba kwa mkono mmoja kama mkate." Nilikwenda dukani nikaijaribu. Nguvu inazo. Lakini kila noti ilitoka safi kama sahani iliyooshwa, na baridi vilevile. Wewe umekulia nyumba moja na Baba, hujasahau jinsi zile taa za kioo zinavyofanya besi ivimbe na kukoroma pale unapokandamiza uzi. Huisikii kwa masikio tu, inakupanda miguuni.

Nikajaribu kubwa yenye valvu sita na wati mia tatu. Ilinitetemesha meno, nikaipenda papo hapo. Kisha nikajaribu kuinyanyua. Kilo arobaini, Baba Mdogo, na mimi nina umri wa miaka hamsini na minne na mgongo wa fundi mawe. Niliiacha pale pale. Ya tatu niliipata kwa mtu mmoja Den Bosch, ya wati mia moja, iliyotumika. Kwa kumbi kama zetu wati mia za valvu zinatosha kushindana na ngoma za Joske, na watu wawili wanaibeba bila kugombana. Nilikuwa nimeshaamua kuichukua. Baba akaomba aione kwanza.

Aliitazama kwa dakika kumi. Akasema transfoma yake imesukwa na kipofu, na kwamba hakuna haja ya kwenda kununua takataka za watu wakati yeye yupo hai. Atanitengenezea mwenyewe.

Ilinipasa kukataa siku ile. Lakini nilifurahi, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Tangu Mama afariki hakuwa ameingia kwenye kibanda chake cha ufundi cha nyuma hata mara moja. Anakaa jikoni, anatazama bustani. Sasa nikamwona anavaa koti lake la kiwandani, anapanga valvu juu ya meza kama mtu anayepanga mayai, anapiga mluzi. Ningesema nini?

Dalili zilikuwepo. Aliniuliza spika zangu ni za ukinzani wa omu ngapi, nikamjibu. Kesho yake akauliza tena, na kesho kutwa. Mara ya nne nilimwandikia kwenye karatasi nikaibandika ukutani. Siku moja nilikuta mkate wake wa jibini umo ndani ya boksi la valvu, na valvu imelala juu ya sahani. Mara mbili aliniita kwa jina la Mama. Kila mara nilijiambia ni uzee tu. Mtu akitaka kuamini jambo, hakosi sababu.

Mwisho wa Oktoba akanikabidhi. Ilikuwa nzuri, Baba Mdogo. Sanduku la mbao ya mwaloni, na kishikio cha ngozi kila upande. Aliniusia lile analoniusia tangu utotoni, kwamba amplifaya ya valvu haiwashwi hata dakika moja bila kuunganishwa na spika, la sivyo inajiua. Akanipigapiga begani.

Jumapili iliyofuata mchana tulifanya mazoezi kwenye ghala la shemeji yake Joske. Niliiwasha, nikaiacha ipate joto, nikapiga noti moja nzito. Joske aliacha vijiti hewani. Sijawahi kuwa na sauti kama ile, wala sidhani nitakuwa nayo tena. Tulipiga kama dakika ishirini. Kisha Ruud, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye nyuzi za gitaa lake, akanyoosha wa kulia kunirekebishia uzi uliolegea kwenye besi yangu. Alipougusa tu alitupwa chini. Taa zote za ghala zikazimika.

Nilidhani amekufa. Alikuwa ameng'ata ulimi, damu inamtoka, na macho yanatazama paa. Joske alikuwa wa kwanza kumfikia. Baada ya muda akasema, "Nipo, nipo, msinikalie." Vidole viwili vilikuwa vimeungua, na mkono haukuwa na nguvu mpaka siku ya pili. Hospitali walimweka wakamwangalia moyo kisha wakamruhusu. Swichi ya usalama ya ghala ndiyo iliyokata umeme ikamwokoa. Na mimi, kwa dakika ishirini, nilikuwa nimekumbatia besi yenye umeme wa ukutani. Kilichonikinga ni viatu vya mpira na sakafu ya mbao.

Sikumwambia Baba. Niliipeleka amplifaya Den Bosch kwa fundi aitwaye Annelies Kuppens, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi. Aliifungua mbele yangu akaikagua. Kisha akaniita niangalie, akawa ananionyesha kwa ncha ya bisibisi.

"Aliyeifanya hii anaijua kazi," akasema. "Tazama huku. Nyaya zimenyooka kama mistari ya daftari. Sasa fuata mkono wake. Ukifika hapa katikati, amepotea."

Hata mimi niliona. Upande mmoja ulikuwa Baba yule tunayemjua. Upande wa pili nyaya zilizunguka bila sababu, kiungo kimoja kimechomelewa mara tatu, kingine hakikuchomelewa kabisa. Waya wa umeme ulikuwa umebanwa chini ya skrubu mpaka ngozi yake imekatika, ukagusa chuma cha sanduku. Na ule waya wa ethi wa kupeleka umeme ardhini, wa kijani na njano, ambao ungetuokoa, ulikuwa umekunjwa vizuri pembeni, haukufungwa popote. Annelies aliniuliza huyu ni nani. Nikamjibu ni baba yangu. Akafunga kifuniko taratibu, akaniambia kuitengeneza ataitengeneza, ila yule mzee asifungue tena kitu chenye umeme.

Basi nikanunua ile nyepesi ya dukani. Tarehe kumi na moja ilikuwa Ijumaa. Msimu ulifunguliwa saa tano na dakika kumi na moja kama desturi, na sisi tulipanda jukwaani saa nane mchana. Nilikuwa nimemsihi Baba abaki nyumbani kwa sababu ya mvua. Tulipomaliza wimbo wa kwanza nikamwona mstari wa mbele, amevaa suti, nywele zimelowa. Alikuja peke yake kwa basi. Hakunitazama mimi. Alilitazama lile sanduku dogo jeusi nyuma yangu, na hakuondoa macho mpaka tulipomaliza.

Niliposhuka aliniuliza, "Yangu iko wapi?"

Nilikuwa na uongo tayari, kwamba nimeiacha nyumbani isilowe. Haukutoka. Nikamwambia yote, tumesimama kati ya watu waliovaa kofia za manyoya na kuimba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu.

"Nani alishikwa?"

"Ruud."

Akaenda moja kwa moja kwa Ruud, aliyekuwa anakula viazi vya kukaanga, akamshika mkono, akaugeuza, akatazama vidole. Akasema, "Nisamehe, mwanangu. Miaka thelathini na nne kiwandani sikuwahi kumdhuru mtu." Ruud naye, unamjua kwa utani, akamjibu, "Mzee Wiel, umeme ulinionja tu ukanitema." Baba hakucheka. Asubuhi yake alinikabidhi ufunguo wa kibanda bila kuombwa.

Nilidhani yameishia hapo. Jumanne akanipigia simu kazini. Alikuwa na sauti ya furaha. Alitaka kujua mbona sijamwambia bendi ilisemaje kuhusu amplifaya yake.

Jioni nilikwenda nikamweleza upya. Uso wake ulisawijika. Akauliza vilevile, "Nani alishikwa?" Mpaka Alhamisi iliyopita nilikuwa nimemweleza mara nne, na kila mara kwake ni mara ya kwanza. Hiyo Alhamisi alitembea kwenye mvua hadi duka la baiskeli la Ruud kwenda kuomba msamaha, kama alivyofanya ukumbini. Ruud alimpa mkono, akamsamehe kama vile hawajawahi kulizungumza. Baadaye aliniambia, "Dada, mimi mkono nitampa hata kila siku. Lakini yeye kila siku anaumia upya. Utaendelea mpaka lini?"

Nikamsikiliza. Leo asubuhi baada ya kanisa Baba aliponiuliza mara ya tano, nikamdanganya. Nikamwambia sauti yake ni asali, na kila mtu anauliza nani fundi wake. Baba Mdogo, alitabasamu tabasamu ambalo sijaliona tangu Mama alipokuwa hai. Akanieleza alivyoisuka transfoma, uzi kwa uzi, bila kukosea neno. Nikajilaumu kwa nini sikudanganya tangu mwanzo.

Kisha akasimama, akavaa koti la kiwandani. Kama hiyo imetoka vizuri hivyo, akasema, basi na Ruud anastahili yake. Ataianza leo. Akaniuliza ufunguo wa kibanda uko wapi.

Nilimwambia umepotea. Ninavyokuandikia hapa mezani kwake, namsikia chumba cha pili anafungua droo moja baada ya nyingine. Ameshatafuta saa nzima. Ufunguo umo mfukoni mwangu.

Ukweli unamvunja, uongo utamuua. Nimeamua hivi: nikifunga bahasha hii nitakwenda kumwambia kwamba ufunguo ninao mimi, na simpi, wala sababu simwambii. Najua atanikasirikia, na ukali wake wewe unaujua kuliko mimi. Lakini hasira ataisahau kufikia kesho, na haimkunji mgongo kama ile aibu. Acha mimi niwe mbaya wake, kila siku ikibidi.

Tarehe nane Desemba nampeleka kwa daktari. Nitakuandikia atakachosema, ingawa nadhani sote wawili tunakijua. Ninachokuomba ni kimoja. Anakutaja sana siku hizi, na wewe bado hajakukosea hata jina. Ulikuwa umepanga kuja majira ya joto. Tafadhali usingoje hadi wakati huo. Njoo mara goti litakapokuruhusu kukaa kwenye ndege, hata kama ni katikati ya baridi. Chumba cha juu nimeshakipasha moto.

Nisalimie Mama Mdogo Corrie, umwambie chai ya tangawizi aliyonifundisha ndiyo ninayotumia hadi leo. Msalimie binamu yangu Thijs na mkewe, na Femke na wale mapacha. Joske na Ruud wanakusalimu. Jana, karatasi hii ikiwa bado tupu, Ruud aliandika jina lake mwenyewe pembeni hapo kwa mkono wa kulia, ili uone unafanya kazi.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako, akupe afya ya kuivuka bahari.

Mimi binti yako akupendaye,

Hanneke