Mstari wa Mama Yako

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kama nywele za kichwa, tena za kichwa chako, maana zangu zimebaki za kuhesabika. Hujambo? Masomo ya kompyuta hayajakuchosha? Mimi sijambo, ila goti la kushoto linalia kama mlango mbovu.

Barua yako imefika. Umesema mwezi ujao unakuja na jiwe la kaburi la mama yako, jina lake limeshachongwa. Nimeisoma mara nne, nimesimama.

Ngoja nianzie mbali. Unajua hakuna karani wa makaburi kama mimi. Siku ilipoletwa kompyuta wenzangu waliizunguka kama wameona nyoka; mimi niliigusa kwa kidole kimoja, ikaniamkia. Kwa wiki moja nikahamisha daftari zote, marehemu wa miaka thelathini, vitufe vinatoa moshi! Wachimbaji wakanibandika jina la Profesa. Daftari nikawaachia mchwa, za nini tena?

Jedwali langu lilikuwa moja, pana kama uwanja wa mpira. Kila tukipalilia kaburi, kuanzia usafi wa siku ya maziko, naongeza mstari: tarehe, aliyepalilia, jina la marehemu, safu aliyolala na ni wa ngapi kutoka njiani, simu za ndugu. Ulipokuja likizo ukaliona, ukacheka, ukaniambia mjomba, umepika vitu vitatu chungu kimoja. Ukanieleza zile ngazi zenu za kupanga majedwali. Kwanza kila kisanduku kibebe kitu kimoja, si simu tatu zimebanana. Halafu kila habari ikae kwa mwenyewe: tarehe ni ya palizi, simu ni ya ndugu, mahali pa kulala ni pa marehemu, pakaandikwe mara moja kwenye jedwali lake, hata asipopaliliwa na mtu. Ukasema kwangu marehemu ana mahali pale tu anapofanyiwa usafi. Nikakujibu kwamba sikio halipiti kichwa, na kwamba mimi niliandika wafu wewe hujaota meno.

Mwaka huu wezi wa vyuma chakavu wameng'oa vibao vyote vya namba makaburini. Sikutetereka, kompyuta si ipo? Mwezi uliopita mkubwa wangu akalalamika kwamba mashine imekuwa nzito, nipunguze. Nikafuta kwa mbwembwe palizi zote zilizopita miaka mitatu, nikamwaga na pipa la taka la humo ndani. Waliopaliliwa karibuni wakabaki. Kwa wengine nilidhani nafuta palizi, kumbe nafuta watu. Mchimbaji mkuu akanitania kwamba wao huzika mtu mara moja, Profesa amewazika mara ya pili. Nikacheka naye.

Kisha ikaja barua yako. Nikatafuta jina la mama yako. Halimo.

Utauliza, na ni haki yako: halimo vipi, na kila mwezi mjomba ameniandikia kwamba amempalilia dada yake? Mpwa wangu, sikumpalilia. Miaka minne. Nikiingia getini asubuhi nageuzia uso upande wa pili. Zile picha nilizokutumia za kaburi safi lenye maua ni za kaburi la marehemu mwalimu mmoja, watoto wake ni watu wa bidii. Ningeng'oa majani ya dada yangu mara moja tu mwaka huu, nikaandika, mstari wake ungekuwepo.

Na usinitegemee kwa kukumbuka. Siku ya maziko mimi niliyeapa kuwashika wengine ndiye niliyeshikwa, mkono huu na huu, sikuona njia. Najua ni upande wa ukuta, basi. Upande huo kuna makaburi thelathini na saba ambayo sasa hayana jina.

Tangu Jumatatu nayapalilia yote, kwa goti hilihili. Nimefika la kumi na tisa. Kila moja naliita dada, nisije nikamruka.

Jiwe lilete. Pa kulisimamisha sina.

Nisalimie wenzako wa darasani, na mwalimu wenu wa majedwali mwambie kuna mzee mmoja huku ameelewa. Ukifika, hata usiponiamkia, nitakufungulia geti.

Ni mimi mjomba wako,
karani. Lile jina jingine usiliandike tena juu ya bahasha.