Mbuga Aliyoichagua Mama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile bega lililokuwa likikusumbua wakati wa baridi liwe limeanza kukuacha ulale. Sisi huku tunapumua. Mama yu imara isipokuwa magoti, ambayo anasema yamezeeka kabla yake. Wifi yako bado yuko wodi ya wazazi. Wiki iliyopita alipokea watoto watano kwa zamu moja, akarudi nyumbani akalala na viatu miguuni. Mimi ni yule yule fundi wa majokofu. Nikitoka karakana nanuka gesi na grisi, na binti yetu mdogo hanisogelei mpaka nioge.

Najua unashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu Mama hukaa ubavuni mwangu akidai zamu yake, na hili ninalotaka kukueleza siwezi kulisema nikiwa naye chumba kimoja.

Jambo lenyewe lilianza kwa furaha. Mwaka huu likizo ya wifi yako iliangukia siku za shule kufungwa, akasema ni aibu watoto kumjua tembo kwa kumchora tu. Tukakubaliana kwamba familia nzima tutakwenda mbugani, mara ya kwanza tangu tuzaliwe. Ikabaki kuchagua mbuga ipi, na hapo meza yetu ya chakula ikageuka bunge. Wifi yako alitaka kule ziwani kwenye ndege, maana alisema damu anaiona kazini kila siku, hana haja ya kwenda kumtazama simba akila. Binti mkubwa, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu, alitaka kaskazini, akaja na daftari alimoandika miezi ambayo nyumbu huvuka mto. Mdogo alitaka popote penye twiga, mradi twiga awe na mtoto. Mimi nikasimama upande wa kaskazini. Ukweli ni kwamba nilikuwa upande wa popote, dada, mradi pasiwe kusini.

Mama alikuwa akichambua mchele. Alituacha tumalize kelele zetu, akaweka sinia chini, akasema, "Mimi nipelekeni alikofia mwanangu."

Mdogo wetu alikuwa askari wa hifadhi ya kusini, na wewe ulikuwa mbali siku tulipomzika, miaka sita iliyopita. Mimi ndiye niliyekwenda kuuchukua mwili, na mimi ndiye niliyekupigia simu nikakueleza kwamba majangili walimpiga risasi akiwa kazini. Sasa Mama alikuwa amesikia kwa watu kwamba langoni mwa hifadhi ile pana jiwe lililochongwa majina ya askari waliokufa wakiwalinda wanyama. Alitaka kuligusa kabla magoti hayajamkatalia kabisa.

Nikaanza kutoa sababu. Nilisema kusini kuna mbung'o wanaouma hadi kupenya nguo. Nilisema barabara ni mbovu, itamvunja mgongo. Nilisema wanyama wa kule ni wachache na wana aibu. Sababu zilipokwisha nikadanganya kwamba nimepiga simu ofisi ya safari nikaambiwa daraja limechukuliwa na maji. Njia ya mwongo ni fupi. Wifi yako naye alipiga, na mama wa ofisini akamwambia huko mvua haijaonekana kwa miezi minne. Alirudi sebuleni akaniuliza mbele ya watu wote ninaogopa nini. Mama ndiye aliyenitetea. Alimwambia aniache, kwamba na wanaume nao wana namna yao ya kulia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Basi tukaenda kusini.

Sitakuficha, siku mbili za kwanza zilikuwa nzuri kupita nilivyostahili. Tuliingilia lango dogo la magharibi, na dereva aliyetuongoza, mtu mzima mwenye mvi kwenye nyusi, alijua kila kichaka. Mama alicheka hadi akajifuta machozi alipowaona ngiri wakipiga magoti ili wale majani. Alisema laiti angepewa magoti yale angelima mpaka leo. Tembo walipovuka barabara mbele yetu, mmoja wa kike alisimama akatutazama mpaka wadogo wote wakapita nyuma yake. Mama aliinamisha kichwa, akamwamkia kama anavyomwamkia mtu wa rika lake. Binti mdogo alimpata twiga wake, tena mwenye mtoto, akanyamaza nusu saa nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwetu.

Siku ya pili, tukiwa tumesimama kando ya mto, Mama alimuuliza dereva kama alimfahamu mwanawe, akamtajia jina. Dereva alizima injini. Alinitazama mimi kwenye kioo, nikajua kwamba anajua. Kisha akamgeukia Mama akasema, "Nilimfahamu, mama. Kusoma nyayo, hapakuwa na aliyemzidi." Mama akamshukuru kwa mikono miwili. Yule mtu hakusema uongo hata neno moja, na mpaka leo sijui nimlipe nini kwa hilo.

Siku ya tatu tulitokea lango kuu, palipo na jiwe. Ni jiwe jeusi, refu kumzidi mtu, na majina yake ni kumi na moja. Binti mkubwa alitangulia kufika. Nilimwona akisoma kutoka juu hadi chini, halafu akaanza tena juu. Mama alifika akiwa ameegemea mkono wangu. Hakupelekwa shule, unajua, kwa hiyo akanyoosha kidole akaniambia, "Niwekee kwenye jina lake."

Nikakishika kidole cha mama yetu, nikakiweka mstari wa saba, kwenye jina la mtu nisiyemjua. Kisha nikasoma kwa sauti jina la mdogo wetu, lake, la Baba na la Babu.

Alizifuata zile herufi polepole, moja moja. Akasema, "Wamemchonga vizuri." Akamwita mjukuu wake ampige picha akiwa vile vile, kidole jiweni. Binti alipiga. Tangu siku ile ananiamkia kwa adabu zote na hanitazami usoni.

Mama ameniamuru nikutumie picha hiyo, na imo ndani ya bahasha hii. Anasema uje Desemba mwende naye, umsome mdogo wako kwa macho yako. Wewe kusoma unajua, dada. Jina lililo chini ya kidole chake si la ndugu yetu, na la ndugu yetu halipo popote kwenye jiwe lile.

Majangili hawakumuua. Alikuwa mmoja wao. Kwa mwaka mzima aliwaonyesha mahali vifaru wanapokunywa maji na saa ambazo wenzake hawapiti. Alipigwa risasi na askari wenzake, akiwa na watu hao, bunduki ya serikali mkononi. Mkuu wao alinipokea ofisini kwake nilipofuata mwili, akafunga mlango, akasema kwa ajili ya mama mzazi ataandika kwamba alifia kazini, ila jiweni hatamweka, kwa sababu waliomo jiweni nao wana mama zao.

Hayo wifi yako anayajua sasa. Nilimweleza siku hiyo hiyo tukiwa njiani kurudi, Mama amelala kiti cha nyuma, naye akanishika mkono akidhani mzigo wangu ni huo tu. Lililobaki nakwambia wewe wa kwanza.

Wiki tatu kabla ya kufa, mdogo wetu alikuja nyumbani likizo. Alinifuata karakana tukiwa wawili, akakaa juu ya jokofu bovu, akaniambia yote. Alisema imebaki mara moja tu kisha anaacha, akanitajia mpaka siku. Nadhani alitaka nimkataze. Sikumkataza. Alipoondoka nilimpigia simu mkuu wa hifadhi nikamwambia siku hiyo.

Nilisema moyoni kwamba watamkamata, afungwe miaka michache, anyooke. Nilimwomba mkuu wasimdhuru. Hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Ulikuwa umeshaondoka, hukuisikia nyumba ile ilivyokuwa. Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa picha ya yule aliyevaa sare, Mama akisema, "Huyu ni mtoto wangu wa serikali," na mimi nikiwa nimechuchumaa pale pale nikimtengenezea jokofu. Nilipokuwa nikibonyeza zile namba, dada, kuna sehemu yangu iliyokuwa ikitaka siku moja Mama aone. Siku ya mazishi mzee mmoja alisema kikulacho ki nguoni mwako, akiwasema watu wa hifadhi, nami nilikuwa nimelishika jeneza upande wa kichwa.

Sikuombi unisamehe, wala sikupi shauri juu ya Mama. Ukitaka kumwambia, mwambie. Ukitaka kuja Desemba umsomee kama nilivyomsomea mimi, hilo nalo litakuwa lako. Mimi sina tena haki ya kuchagua. Ujue tu kwamba kila asubuhi, kabla ya chai, Mama huinua mikono akamwomba Mungu amnyime raha duniani na akhera yeyote aliyesababisha kifo cha mwanawe. Huniita nisimame karibu yake. Akimaliza, mimi ndiye ninayeitikia amina.

Wifi yako na wanao wanakuamkia. Mama anasema ujifunike vizuri, na kwamba picha uiweke kwenye fremu ya kioo.

Ni mimi, ndugu yako uliyebaki naye.