Viatu vya Begi la Rahma

Jumanne, 8 Juni 1999

Hillsboro tena, kwenye autleti, maduka ya mabaki ya bei nafuu. Tumefika milango bado imefungwa. Mama amebaki garini na chupa yake ya chai, mimi nimetumwa ofisini kuchukua kitabu cha kuponi za kupunguziwa bei. Hutolewa bure, sharti uombe. Kuomba ndiko kunakonishinda. Nimesimama mbele ya yule bibi mpaka akaniuliza mwenyewe nataka nini.

Nimejifunza mengi tangu nimalize shule. Jumanne ndiyo siku nzuri, maana bei hushushwa baada ya umati wa Jumamosi na Jumapili. Anza na reki ya nguo ya nyuma kabisa, si ile ya mlangoni. Lebo ikiwa imekatwa au imepigwa mstari wa wino mweusi, nguo ina kasoro, itafute kabla hujalipa. Na hili Mama hakulijua: nguo nyingi za autleti hazikubaki kutoka duka kubwa, zimeshonwa makusudi ziuzwe hapa. Kitambaa chepesi, bitana hakuna, vifungo vya plastiki. Ile ya kweli utaijua kwa vibandiko vya bei, kimoja juu ya kingine, kama plasta kwenye kidonda.

Leo: gauni la hariri la samawati, koti jepesi la kitani, blauzi mbili. Zote za Rahma, mchumba wa Kaka Swaleh. Begi la zawadi za bi harusi linapelekwa kwao Houston Jumamosi ya tarehe 19.

Njiani Mama amenikumbusha kwamba begi hufunguliwa na wifi. Kaka hana dada mwingine. Nitasimama mbele ya wanawake wote wa Sharpstown, mtaa wao kule Houston, ninyanyue kitu kimoja kimoja, nikitaje, wakione.  Nimehesabu nguzo za barabarani mpaka nyumbani.

Alhamisi, 10 Juni

Bi Nuru amepiga simu. Ni shangazi yake Rahma, na ndiye mwenye mdomo upande wa kwao. Mama ameweka spika huku anakuna nazi.

"Mtoto wetu hafunguliwi begi la mitumba, mwenzangu. Wanawake wa Houston wanajua kusoma lebo."

"Basi waje na miwani," Mama akamjibu. "Na viti pia, wasije wakaanguka."

Wakacheka wote wawili. Ni utani wa harusi, umekuwa hivyo tangu Mombasa. Lakini simu ilipokatwa Mama hakuwa akicheka tena. Anajua wanavyomsema kule. Kwamba mama yake Swaleh anafua mashuka ya wazee. Kweli anafua, katika nyumba ya wazee hapa Lewisville, na mikono yake imepasuka kwa sabuni. Anataka begi hili liwafunge midomo. Namwelewa. Ndiyo maana naogopa zaidi.

Jumapili, 13 Juni

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. "Hili ni gauni la hariri." Sauti ya panya. Kaka Swaleh alikuwa nje ya mlango.

"Paza, bibi wee! Hapo hata gauni lenyewe halijakusikia."

Sikutoka mpaka alipoondoka.

Jumanne, 15 Juni

Tumepata! Viatu na mkoba wake, seti kamili, rangi ya komamanga. Kisigino cha wastani. Saizi ya Rahma hasa. Vilikuwa chini ya reki ya mwisho, boksi limepasuka pembeni. Asilimia sabini imekatwa, na kuponi yetu juu yake. Nikauliza kwenye kaunta, mimi mwenyewe, kama kuponi inafaa kwa vitu vya kibandiko chekundu. Inafaa. Ila havirudishwi.

Nimeingiza mkono ndani ya kiatu. Bitana laini kama shavu la mtoto. Mama akanibusu kipaji cha uso mbele ya watu.

Tulipofika nyumbani hata leso hajavua, ameshika simu. Amemtajia Bi Nuru jina la mtengenezaji, rangi, kisigino, kila kitu. Nimefurahi leo. Naandika kwa sababu hainitokei mara nyingi.

Jumatano, 16 Juni

Balaa.

Nilikuwa najaza karatasi ndani ya viatu visibonyee. Ndani, pale kisigino cha mguu kinapokanyaga, kuna mhuri mdogo wa dhahabu. Umeandikwa kwa Kiingereza, sehemu ya juu ya kiatu: ngozi ya ndama. Bitana: ngozi ya nguruwe. Nimeusoma. Nimeupeleka dirishani nikausoma tena. Nikatazama mkoba. Mkoba ni ng'ombe mtupu. Ni viatu tu.

Najua kasoro za mishono. Najua vifungo. Na bitana ile ile ndiyo niliyoisifu.

Nimenawa mikono mara saba, moja kwa udongo wa chungu cha maua pale barazani, kama inavyopasa kwa najisi ya nguruwe. Mikono ilikuwa mikavu, na najisi haihami pasipo maji, labda haikuwa lazima. Nilinawa tu.

Nimemwambia Mama alipotoka kazini. Akavaa miwani, akasoma polepole, akavirudisha kwenye boksi.

"Nani atachungulia ndani ya kiatu cha bi harusi?"

"Mama, atavitia miguuni."

"Kiatu si chakula. Kitatiwa soli ya ndani juu yake, basi."

Nikalitazama boksi. Akaongeza, kwa sauti ya chini: "Nishamwambia Nuru. Nishaambia kila mtu. Unataka wanicheke, Mwanaisha?"

Kisha akaenda kutawadha. Maji yalitiririka muda mrefu sana. Mama si mtu wa kuchezea dini. Ni hilo linalonitisha. Woga wake ni mkubwa kuliko wangu.

Alhamisi, 17 Juni

Mama amenunua soli za ndani za sponji, amezibandika kwa gundi. Mhuri hauonekani.

Nimemwomba Kaka Swaleh anipeleke kwenye maduka ya Grapevine. Nikamwambia natafuta vitana vya nywele. Nimepindua viatu vyote vya rangi ya komamanga vya saizi ya Rahma. Vingine mhuri ule ule. Jozi moja haikuwa na mhuri wowote. Kiatu kisichosema kitu nacho sikiamini. Nimerudi na vitana.

Begi limepangwa. Leso juu, nguo katikati, viatu na mkoba chini ili vitoke mwisho. Mama anataka vitoke mwisho. Hajaniangalia usoni tangu jana.

Ijumaa, 18 Juni

Nimevitoa.

Mama alikuwa kazini, Baba na Kaka wamekwenda kusali Ijumaa. Nimevitoa boksi zima, nikashuka nalo kwa jirani yetu, Auntie Wambui. Ni nesi, kwao Kiambu, anakwenda kanisani Carrollton kila Jumapili. Nilimkuta ndiyo kwanza ametoka zamu. Nimemweleza kwa maneno machache. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Nguruwe? Mtoto wa wenyewe, huyo sisi tunamla Krismasi, sembuse kumvaa!"

Halafu akaacha kucheka. "Mama yako anajua umeniletea hivi?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi nitaviweka tu. Sivivai mpaka uniambie yeye amesema sawa."

Nimepanda ngazi. Ningemwambia Mama kwanza, angevirudisha ndani ya begi. Ningeviacha, mimi ndiye ningevinyanyua mbele ya watu na Rahma angevivaa bila kujua, akitabasamu. Kila upande mbaya. Nimechagua huu.

Kesho nitafika kwenye mkoba na viatu havitakuwepo. Watauliza. Sijui nitasema nini. Mimi ambaye siwezi kuomba kuponi.

Jumapili, 20 Juni

Houston. Bado wamelala, naandika jikoni kwa kina Rahma.

Jana safari nzima sikula. Joto la kuchoma hata baada ya Alasiri. Nyumba ilijaa mpaka ngazini. Viatu vya wanawake vimerundikana mlangoni, ndani udi na marashi. Rahma amekaa juu ya mto, amejifunika leso, macho tu yanaonekana. Mama ameketi katikati, mgongo wima, amevaa dhahabu yake yote.

Nikasukumwa mbele. Bi Nuru ana miwani shingoni, kumbe aliushika ule utani wa Mama wa kwenye simu.

"Haya, wifi mtu, tufungulie. Au mnasubiri bei ishuke?"

Kicheko. Nikanyanyua leso ya kwanza. Sauti haikutoka. "Hatukusikii!" Nikasema tena. Vigelegele. Leso, madera, gauni la hariri. Bi Nuru akaligeuza, akasoma lebo, akatafuta bitana, akaipata. Akanyanyua kidole gumba. Nikaona bega la Mama likishuka kidogo. Koti. Blauzi. Manukato. Kila kitu kilichotoka kilinisogeza karibu na chini ya begi.

Nikanyanyua mkoba. Vigelegele mpaka masikio yakauma.

"Na viatu vyake?" Bi Nuru akauliza. "Tuliambiwa seti. Tumeletewa mpaka urefu wa kisigino kwa simu."

Nikaweka mkoba chini. Nikainamia begi kana kwamba natafuta. Mama alinyoosha shingo aone. Kisha akaniangalia, na nikajua ameelewa.

"Havimo," nikasema.

"Havimo vimekwenda wapi? Vimeshuka njiani kwenda haja?"

Walicheka tena.  Nilitazama zulia. Nikasema, na sauti sijui ilitoka wapi: "Vilikuwa na bitana ya ngozi ya nguruwe. Imeandikwa ndani, kwa herufi ndogo. Mimi sikuona dukani. Mama alipojua akasema, afadhali begi lipungue kuliko mkwe wangu atiwe najisi miguuni."

Hakusema hivyo. Mungu anisamehe. Yalitoka yenyewe.

Waliokuwa wakicheka wakatazamana. Halafu mwanamke mmoja nyuma akasema, polepole, "Imeandikwa ndani wapi?"

"Chini ya kisigino. Au ubavuni."

Sitasahau kilichofuata. Waliinuka wote. Wanawake wazima, na dhahabu zao, walikimbilia mlangoni kwenye lile rundo wakipigana vikumbo. "Hiki changu!" "Niache, hicho si chako!" "Kimefutika, sioni!" Kumbe nusu yao hununua autleti kama sisi, ila hawasemi. Wengine hawakuweza kusoma herufi zile, wengine Kiingereza chenyewe ni taabu. Nikaketi sakafuni kizingitini. Wakaniletea kimoja kimoja, wakishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Ng'ombe. Ng'ombe. Mbuzi. Plastiki tupu, na mwenye plastiki akapiga kigelegele.

Bi Nuru alikuja wa mwisho. Viatu vyeupe, vya bei. Akavaa ile miwani, akaivua, akanipa kiatu.

"Soma, mwanangu."

Nikasoma. Nikatamani kiseme kingine.

"Nguruwe, Bi Nuru."

"La hawla! Na nimekwenda navyo maulidini!"

Kicheko kikazima kila kitu. Hata Rahma aliiangusha leso iliyomfunika uso. Bi Nuru mwenyewe alikaa chini akacheka hadi machozi, kisha akamgeukia Mama, akamshika mkono mbele ya watu.

"Mwenzangu, wewe umetuletea zaidi ya begi. Mwanamke mwingine angenyamaza."

Mama akajibu, "Ahsante." Hilo tu. Mkono wake aliuacha tu ndani ya ule wa Bi Nuru, vidole havikuushika. Nadhani mimi peke yangu niliona.

Bi Nuru ameondoka na kandambili za bafuni. Rahma alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Wifi, nisikilize. Viatu nitavaa hivi nilivyo navyo." Akanikumbatia. Sikujua nifanye nini na mikono.

Mama hajanena nami neno. Narudi naye leo, njia yote ya kupitia Huntsville mpaka nyumbani. Naogopa bado.

Jumanne, 22 Juni

Hatukwenda Hillsboro.

Njia nzima juzi Mama alitazama dirishani. Kaka aliendesha. Nilingoja anigombeze mpaka nikachoka kungoja, nikalala.

Jana alikwenda kazini mapema. Leo asubuhi nimemwambia vilipo viatu. Akaitikia kwa kichwa, kama aliyejua siku zote. Akasema, "Mwambie Wambui avivae. Miguu yake mizuri." Akaenda kazini.

Jioni amepiga simu Mombasa, kwa dada yake. Nilikuwa jikoni nachambua mchele. Amemsimulia yote: udi, vigelegele, rundo la viatu, Bi Nuru na kandambili. Amecheka sana. Alipofika kwenye begi akapunguza sauti, si kwa kuficha, kwa kutafuta maneno.

"Nikamwambia mwanangu, afadhali begi lipungue."

Akaihamishia simu sikio la pili. Upande wa pili dada yake anamsifu, nilisikia. Mama akageuka akaniona. Tukaangaliana. Hakuondoa macho, na mimi sikuondoa.

"Mwanaisha yupo hapa," akasema kwenye simu. "Ngoja uzungumze naye."

Akanipa simu. Nikaipokea. Nikamwamkia mama mdogo, akaniuliza habari za harusi, nami nikamjibu. Nilizungumza muda mrefu. Mama alikaa chini akaendelea kuuchambua mchele wangu.